Fomu ya Kumsahau Bi Mahorogo

Jamhuri ya Utulivuni msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kufanyiwa marekebisho mwaka ule Rais alipolalamika kwamba nchi imechorwa ndogo, na mpaka leo haijarudi. Jueni tu kwamba ni nchi nzuri, yenye watu milioni moja na laki saba, mito miwili, barabara ya lami inayofunguliwa wakija wageni, na filamu moja.

Naam, moja. Si kwamba hazikutengenezwa nyingine. Zilitengenezwa, wananchi wakazitazama kwa adabu, kisha wakarudi kwenye ile ile. Iliitwa Chungu cha Bi Mahorogo, ilipigwa miaka arobaini na mitatu iliyopita kwa kamera ya kuazima, na kisa chake hakina mzunguko. Bi Mahorogo anauza uji sokoni. Kila asubuhi Liwali anapita kukusanya kodi ya kuonja. Anachota kikombe katika kila chungu, anakunywa, anafuta sharubu, anakwenda kwa mwingine. Anaonja weee, mpaka akina mama wanabaki na ukoko. Siku ya siku, Bi Mahorogo anakinyanyua chungu chake chote, anasema, "Ulikuja kuonja? Basi oga kabisa!" na kummiminia Liwali kichwani. Liwali anasimama pale, uji unamchuruzika masikioni, analamba mdomo wa juu, anatafakari, anasema, "Sukari haitoshi." Filamu imekwisha.

Hayo tu. Lakini jamani, watu walivyoipenda! Ilioneshwa harusini, ilioneshwa kwenye vibanda umiza vyote vya video, na mkanda ulikuwa umechakaa kiasi kwamba sehemu ya chungu ilikuwa ni chenga tupu kwenye skrini. Watu hawakujali. Walizitazama zile chenga, na sekunde ilipofika walipiga kelele wote kwa pamoja, kisha wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Ndipo Wizara ya Burudani Halali ikaamua kuitengeneza upya.

Waziri, Mheshimiwa Gosbeti Maringo, alilitangaza jambo hilo uwanja wa taifa mbele ya watu elfu arobaini. "Ndugu wananchi," alisema, "filamu ya zamani ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kasoro moja ndogo tu, nayo ni kwamba ilieleweka vibaya na watu wote." Akaeleza kwamba katika filamu mpya Liwali ndiye nyota, kijana wa miaka ishirini na minane, anapanda farasi na anaimba nyimbo tatu. Bi Mahorogo anaomba leseni ya uji, anapewa siku hiyo hiyo, analia kwa furaha. Chungu kimeondolewa kwa sababu za kiusalama. Badala yake kuna chupa ya chai yenye mfuniko.

Kisha wakaoneshwa trela ya filamu hiyo. Ilipokwisha, uwanja mzima ulikuwa kimya. Mtu mmoja jukwaa la mashariki akakohoa. Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwamba wananchi waliguswa hata wakakosa maneno, na mmoja wao alishindwa kujizuia.

*

Aliyepewa kazi ya kukadiria filamu hiyo itapokelewaje, na tiketi zitauzwa ngapi, alikuwa Bi Pelagia Ndimbo, Mkadiriaji Mkuu wa Hisia za Watazamaji. Ni mwanamke mpole, mwangalifu, mwenye kalamu tatu kwenye mkoba, na tabia moja mbaya ya kusema kweli akiulizwa ghafla. Aliyemtangulia katika kiti kile alikadiria kwamba wananchi wataifurahia hotuba ya bajeti kwa kiasi. Kwa ajili ya neno "kiasi" alihamishiwa milimani, kusimamia mnara wa kuongozea meli.

Waziri alimwita ofisini.

"Bi Pelagia, makadirio yako nimeyasoma. Umeandika kumbi zitajaa robo."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hiyo robo ni watakaokuwa wanakimbia mvua."

"Na mvua isiponyesha?"

Bi Pelagia alitazama viatu vyake.

"Haya, tatizo unaliona wapi?"

"Watu wanailinganisha na ile ya zamani, Mheshimiwa."

Waziri alisimama, akazunguka meza, uso ukaanza kumng'aa. "Kumbe! Kwa hiyo filamu yetu haina kosa lolote. Kosa limo vichwani mwa watu! Isingekuwa ile ya zamani, hii yetu ingekuwa filamu bora kuliko zote nchini."

"Ingekuwa peke yake, Mheshimiwa."

"Si ndivyo ninavyosema?"

Jumatatu ikatoka Sheria ya Kusahau. Kila raia aliyefikisha miaka sita alitakiwa awe ameisahau filamu ya zamani kabla ya siku ya uzinduzi wa ile mpya. Makadirio nayo yakarekebishwa: tiketi milioni moja na laki tisa. Bi Pelagia alipouliza kwa heshima zote watu wa ziada watatoka wapi, aliambiwa baadhi watapenda kuja mara mbili, wengine watakuwa wamezaliwa njiani.

Lakini serikali ya Utulivuni si serikali ya kuamini maneno matupu. Mtu akija kusema nimesahau, utajuaje? Lazima kuwe na ushahidi. Basi Bi Pelagia akaagizwa kutunga fomu, nayo ikaitwa KS/7. Sehemu A ilikuwa jina na makazi. Sehemu B ilisema: Eleza kwa ukamilifu jambo unalolisahau. Usiache kitu. Maelezo pungufu yatachukuliwa kuwa bado unaficha mengine kichwani. Sehemu C ilikuwa mahali pa sahihi.

"Mheshimiwa," alisema Bi Pelagia alipompelekea, "mtu akiweza kueleza yote haya, si atakuwa anakumbuka?"

Waziri alimhurumia. "Bi Pelagia, anaeleza kwanza, anasahau baadaye. Ndiyo maana sahihi iko chini."

*

Ukisikia nchi kuchangamka, ndiyo ile. Karatasi zilikwisha siku ya tatu, watu wakaandika nyuma ya kalenda. Kwenye foleni za wizara wazee wawili walitaka kuvuana makoti, mmoja akishikilia kwamba Bi Mahorogo alikinyanyua chungu kwa kuanzia mkono wa kulia, mwenzake akisema wa kushoto, na askari aliyekuja kuwaamua naye akawa na maoni yake.

Watoto waliozaliwa juzi juzi, wasiowahi kuiona filamu hiyo hata mara moja, nao walitakiwa kuisahau. Watasahau nini sasa? Wakaenda kuwauliza bibi zao. Bibi zao wakaanza tangu mwanzo, pole pole, wakiigiza na sauti. Shule zikaweka mtihani wa kusahau, na aliyekosea mstari mmoja alirudishwa nyumbani akasahau vizuri. Redio ya taifa, kwa nia njema ya kuwasaidia wananchi wa vijijini, ikaanzisha kipindi cha saa kumi alasiri kiitwacho Leo Tunasahau Nini, ambamo fomu zilizojazwa vizuri zilisomwa kwa sauti, nyingine kwa maombi ya wasikilizaji.

Makarani wa kuhakiki walizisoma fomu kutwa nzima. Mmoja alikutwa amelaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika, wakadhani anaumwa. Kumbe amefika kwenye sukari haitoshi kwa mara ya mia mbili na kumi siku hiyo, na bado anacheka.

Wizara ilijaa furaha. Asilimia tisini na tisa ya wananchi walikuwa wamekwisha kusahau, tena kwa maandishi. Cheti namba moja alichukua Waziri mwenyewe, mbele ya wapiga picha.

Katika ile asilimia moja iliyobaki alikuwemo mama yake Bi Pelagia.

*

Mama Skolastika Ndimbo aliishi chumba namba tisa, Makazi ya Wasanii Wastaafu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyekuwa Bi Mahorogo. Ndiye yule yule, mwenye mikono ile ile, aliyekinyanyua chungu kile akiwa na miaka ishirini na minane.

Na hakumbuki. Mwaka wa tatu sasa mambo yalikuwa yanamtoka moja baada ya jingine. Yalianza majina ya majirani, ikafuata miaka, ikaja filamu. Alichobaki nacho kilikuwa chumba kile. Alijua swichi ilipo bila kupapasa, alijua hatua kumi na moja mpaka msalani, alijua birika linakaa upande gani. Kwingine kokote angepotea kabla ya kufika mlangoni. Bi Pelagia alilijua hilo, na lilimnyima raha kila alipoliwaza.

Alipofika kwenye dirisha la wizara na fomu ya mama yake, karani, Bwana Hemedi Tuwa, aliigeuza mbele na nyuma.

"Sehemu B iko tupu."

"Amesahau, Bwana Hemedi. Kweli kweli. Ndiye mtu pekee katika nchi hii aliyetii sheria."

"Dada yangu, fomu tupu siwezi kuipiga muhuri. Amesahau nini? Hajasema. Mtu hasahau kitu ambacho hajakieleza."

"Kama angeweza kukieleza asingekuwa amekisahau!"

"Usinipandishie sauti, fomu umeitunga wewe." Aliisukuma chini ya kioo. Alikuwa mtu mwema, na ilionekana kabisa hapendi. "Na usimjazie. Anatakiwa kuitetea mwenyewe kwa mdomo. Asipopata cheti mpaka Ijumaa ya uzinduzi, chumba cha serikali anarudisha. Mimi sina la kufanya, dada. Pole."

Bi Pelagia alitoka pale amechoka mwili mzima. Siku nane zilibaki. Ili mama yake apewe cheti cha kusahau, ilibidi kwanza amkumbushe.

*

Alikuwa anakwenda kila siku baada ya kazi, akifunga mlango, maana kusimulia filamu ile nje ya fomu lilikuwa kosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, sikiliza nikusimulie. Palikuwa na mwanamke anauza uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mtama."

"Ehe. Mzuri huo."

Akamsimulia soko, Liwali, sharubu, kikombe. Mama Skolastika alisikiliza amekunja mikono, uso unazidi kukasirika. "Anakunywa bure? Kila siku? Na hao wengine wanamtazama tu? Hawana haya!" Alipofika kwenye chungu, mama alishika mdomo. "Akammwagia? Liwali mwenyewe? We!" Na aliposikia Liwali alichojibu, alicheka. Alicheka akipiga miguu sakafuni, akajishika ubavu, akaomba maji.

"Huyo mwanamke kiboko," alisema alipotulia. "Nani huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Thubutu! Mimi siwezi kumfanyia mtu hivyo." Lakini alitazama mikono yake kidogo.

Kesho yake mama alikuwa hakumbuki hata neno moja. Bi Pelagia alianza upya, wa nini, wa mtama, mzuri huo. Mama alikasirika pale pale, alishika mdomo pale pale, akacheka mpaka akaomba maji. Ikawa hivyo kila siku. Miaka kumi na sita Bi Pelagia alikuwa amepima hisia za watazamaji kwa jedwali na asilimia, na hakuwahi kumwona mtu akiipokea filamu namna ile. Siku ya tano alijikuta akiwahisha kazi ili afike kusimulia. Siku ya sita alilia njiani akirudi, kwa sababu mama alifurahi sana na hakuna hata chembe iliyobaki.

Siku ya saba ikaja barua. Waziri amesikia kwamba raia wa mwisho asiye na cheti ni Bi Mahorogo mwenyewe, na amefurahi kupita maelezo. Mama huyo atasahau jukwaani, siku ya uzinduzi, mbele ya taifa zima. Hakuna tangazo la filamu litakaloshinda hilo.

*

Ijumaa saa nane mchana Ukumbi wa Taifa ulikuwa umefurika. Wafanyakazi wa serikali waliletwa kwa malori, shule zililetwa kwa mistari, na waliokosa nafasi walikaa uwanjani mbele ya vipaza sauti. Mezani jukwaani palikuwa na chungu. Kilikuwa chungu chenyewe cha filamu ya zamani, kilichotolewa makumbusho ili Waziri akivunje hadharani. Ndani hakikuwa na kitu.

Waziri alihutubia dakika hamsini. Alisema taifa linalokumbuka sana halina nafasi ya kuweka mambo mapya. Alisema wanaodai filamu mpya haitapata watazamaji watazame idadi ya malori nje. Kisha Mama Skolastika akapandishwa, amevaa kitenge cha kijani, akiwatabasamia watu wote kwa kuwa hakujua yupi anamjua. Bi Pelagia, safu ya mbele, alikuwa ameshika kalamu zote tatu kwa mkono mmoja.

Bwana Hemedi alisafisha koo. "Mama Skolastika Ndimbo. Eleza kwa ukamilifu jambo unalolisahau."

Mama alifikiri. Alifikiri kwa bidii, mpaka ikauma kumtazama.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema.

"Mama, hilo halikubaliki."

"Nasikitika." Akageukia ukumbi. "Kuna kitu mwanangu huwa ananisimulia. Kizuri sana, nacheka mpaka basi. Lakini kimenitoka. Hivi hapa hakuna anayekijua?"

Watu laki kadhaa, ndani na nje, kila mmoja ana cheti mfukoni, walitazamana. Bi Pelagia alijiona akisimama. Hakuwa amekusudia, lakini alikuwa ameulizwa ghafla.

"Palikuwa na mwanamke anauza uji," alisema.

"Uji wa nini?" aliuliza mama.

"Wa mtama!" ukumbi mzima ukajibu.

Basi hapo hapakuzuilika tena. Wakamsimulia wote, sauti moja, bila kukosea, maana walikuwa wamefanya mtihani. Watoto wa darasa la pili walijua aya kwa aya. Mama Skolastika alisikiliza, akakasirika pale pale, akawafokea wauzaji kwa kukosa haya. Akasogea mezani. Mikono ilikwenda yenyewe, wa kulia kwanza, na yule mzee wa kwenye foleni alisikika akipiga yowe la ushindi. Akakinyanyua chungu, akamgeukia mtu aliyekuwa karibu, ambaye ni Mheshimiwa Gosbeti Maringo.

"Ulikuja kuonja?" alisema, kwa sauti ambayo Bi Pelagia hakuwahi kuisikia chumba namba tisa. "Basi oga kabisa!"

Akammiminia. Hakikutoka kitu, chungu kilikuwa kikavu. Lakini Waziri alifumba macho. Alisimama wima, mabega yamenywea, akapangusa sikio, akalamba mdomo wa juu. Akatafakari.

"Sukari haitoshi," alisema Waziri.

Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, cheti namba moja kikiwa kimening'inia kifuani.

Kelele zilizopigwa siku ile zilivunja taa mbili. Watu walisimama juu ya viti, makarani walikumbatiana, yule aliyekohoa uwanjani alikohoa tena, safari hii kwa kupaliwa na kicheko. Bwana Hemedi peke yake ndiye aliyebaki kazini. Alisubiri mpaka akaweza kusikika.

"Mwombaji ameeleza kwa ukamilifu, na kwa vitendo. Mama, sasa umesahau?"

"Nimesahau nini?" aliuliza Mama Skolastika.

"Imekubalika," alisema Bwana Hemedi, akagonga muhuri.

*

Filamu mpya haikuoneshwa siku hiyo, kwani watu walikwenda zao nyumbani wameridhika. Wizara ilikaa kikao cha siku mbili. Tiketi zilikuwa zimeuzwa zote, vicheko vya namna ile vilikuwa havijawahi kusikika, machozi yalikuwa ya kweli, na kwa hesabu yoyote ile hakuna filamu iliyowahi kupokelewa hivyo duniani. Ili kuyalinda mafanikio hayo, ikaamuliwa isioneshwe kamwe. Waziri alinyang'anywa cheti, akaambiwa ajaze fomu upya. Inasemekana aliandika kurasa kumi na moja na akaomba nyongeza.

Chumba namba tisa kikabaki cha Mama Skolastika, na cheti kikaletwa kwa tarishi. Kwa mujibu wa sheria, cheti cha kusahau lazima liandikwe ndani yake jambo lote lililosahauliwa, lisije likachanganywa na jingine. Chake kilikuwa kirefu kuliko vyote. Makarani walikikusanya kutoka fomu milioni moja na nusu, neno kwa neno, hata yale ambayo mkanda uliochakaa haukuwa ukiyaonesha tena. Bi Pelagia alikitundika ukutani, juu ya birika, na kila siku akitoka kazini humsomea mama yake.

Siku ya kwanza kukisoma alifika kwenye chungu, sehemu ile ya chenga, akakuta sentensi aliyoiandika mzee mmoja aliyekuwepo siku filamu inapigwa. Ilisema: Mgongoni mwigizaji wa Bi Mahorogo alikuwa amembeba mwanawe wa kike wa miezi minane, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Bi Pelagia aliisoma mara ya pili kimya kimya. Hakuwahi kuambiwa kwamba naye alikuwemo. Alikaa kitandani.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza mama. "Na huyo mtoto mgongoni, uji haukumrukia?"

"Haukumrukia, mama. Wewe ulimkinga."

"Afadhali," alisema Mama Skolastika, akashusha pumzi. "Haya, endelea. Liwali akasemaje?"